Leseni ya Ticha Gahongayire

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeanza kazi, kama naweza kuiita kazi. Namsaidia mwalimu wa chekechea kwenye shule ndogo huko Kagugu, darasa la watoto wa miaka minne. Ni mama aliyenitafutia. Yeye anashona sokoni Kimironko, na mkuu wa shule hiyo, Mama Mukabalisa, ni mteja wake. Siku alipokuja kujaribu gauni mama akamwambia, "Huyu binti yangu Shami amemaliza sekondari, anangoja chuo. Yuko nyumbani tu, ananitazama kama saa ya ukutani." Nilikuwa nimesimama palepale nimeshika utepe wa kupimia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho cha nyumbani kwetu tangu babu Usumani, aliyekuja huku na vitambaa vyake na hakurudi tena pwani. Shuleni niliandika Kiingereza miaka yote, na sijui kama niliwahi kuandika nilichotaka kusema.

Mwalimu wangu anaitwa Gahongayire. Watoto wanamwita Ticha. Ni Mnyarwanda aliyekulia Mwanza, na Kiswahili chake ni kile cha redio. Aliniuliza, "Mdogo wangu, unajua kufunga kamba za viatu?"

Nikasema najua.

"Basi umehitimu nusu."

Sikujua kama nicheke au ninyamaze. Nikainama kufunga kamba za kwanza.

Jumanne, 9 Septemba

Kamba za viatu. Makamasi. Kamba za viatu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nitasema ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Ticha Gahongayire hafundishi. Asubuhi anakaa chini kwenye mkeka na watoto wanaingia, anainua mikono miwili na kuifungua, na kila mmoja anachukua kitu chake: vizibo vya soda, vipande vya vitambaa, mawe, ndoo ya mchanga. Yeye anatazama. Mara moja moja anahama na kukaa karibu na mtoto fulani, anamwambia neno dogo, anahama tena. Basi. Mama Mukabalisa akiingia, sauti yake inafika hadi barabarani, watoto wote wanasimama wima na kuimba wimbo wa kumkaribisha mgeni kwa Kiingereza, hata kama aliingia dakika kumi kabla. Huyo ndiye mwalimu. Mimi ningependa kuwa na sauti kama ile. Yangu hata konda wa basi haisikii.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua ya kwanza ya vuli. Kumbe Ticha naye hupitia Kimironko. Anatoka Kabuga na basi la alfajiri, anashuka Kimironko, anapanda jingine la Kagugu. Leo tulikutana kwenye foleni, viatu vyake vimejaa matope mekundu, anakula mandazi huku amefumba macho.

Nilipata ujasiri wa kumuuliza kwa nini amechoka hivyo siku ya Jumanne.

"Kwa sababu Jumamosi na Jumapili nilikuwa darasani, mdogo wangu. Na mimi mwanafunzi."

Akanieleza njia nzima. Ana digrii, lakini ni ya mambo ya ardhi. "Najua kupima kiwanja," alisema. Alipokosa kazi ya viwanja akaingia chekechea kumshikia nafasi dada yake aliyejifungua, na hakutoka tena. Amefundisha miaka mitano bila karatasi ya ualimu. Sasa shule imesema kuanzia Januari kila darasa litakuwa na mwalimu mwenye leseni, au aliyebakiza kuiomba tu. Kwa mtu mwenye digrii ya kitu kingine, njia ni stashahada ya ualimu ya mwaka mmoja, masomo ya wikendi. Ameyamaliza karibu yote. Limebaki somo la kukaguliwa: mkaguzi wa chuo anakuja darasani, anakaa nyuma, anatazama ukifundisha. Ukianguka unapewa nafasi ya pili. Ukianguka tena unarudia mwaka.

"Na darasa?" niliuliza.

"Darasa halitarudia mwaka. Litapata mwingine."

Alisema hivyo kisha akamalizia andazi.

Ijumaa, 19 Septemba

Clovis hajasema neno tangu nianze. Anapanga viatu vya wenzake mlangoni, kutoka kikubwa hadi kidogo. Akikatizwa analia kwa sauti moja ndefu. Pretty, rafiki yake, hulia pia kumsindikiza, halafu anasahau alichokuwa akililia na kuomba uji.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Mama anataka nisome famasia. Nikasema ndiyo. Huwa nasema ndiyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Tarehe imetoka. Mkaguzi anakuja Jumatano ijayo. Mama Mukabalisa alituita ofisini.

"Ticha, somo gani?"

"Kuhesabu. Kwa vizibo. Watoto wachukue wenyewe, wa..."

"Wenyewe hapana. Wenyewe ndiyo inaleta aibu. Somo inapashwa."

Nilikuwa nimesikia neno hilo kwa walimu wengine lakini sikulielewa. Kupasha ni kulifundisha somo lilelile kabla mgeni hajafika, mpaka kila mtoto ajue atasema nini na wakati gani. Mama Mukabalisa alisema wanafanya hivyo kila ukaguzi, na hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwenye shule yake bila kupiga makofi.

Ticha alikuna shingo. "Tutamlisha mgeni kiporo, mama."

"Kiporo ikipashwa vizuri nani atajua? Wewe iko na mwaka moja mkononi. Unataka kuutupa?"

Ticha alitazama nje, uwanjani walikokuwa watoto. Kisha akasema sawa. Nikaona ni busara. Mama Mukabalisa ana uzoefu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tunapasha. Mimi ndiye mkaguzi, nakaa nyuma. Ticha anatoa vizibo vitatu kwenye kopo, watoto wanasema "vitatu!", makofi. Anatoa vitano, "vitano!", makofi. Vile saba ni zamu ya Gwiza peke yake, kwa sababu Gwiza hana haya na ana sauti nzuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumepasha mara nyingi hadi watoto wanacheza "mkaguzi" hata uwanjani. Gwiza ananiita Bwana Mkaguzi. Ticha hakai tena kwenye mkeka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Kupasha.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mkaguzi anaitwa Kagabo. Nilimtarajia mtu mkubwa. Ni mwembamba, ana mafua, na alikuja kwa pikipiki huku mfuko wa plastiki umefunika viatu vyake. Watoto waliimba wimbo wa mgeni. Akawashukuru, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakafika kifuani.

Ticha alikuwa amevaa gauni la bluu. Aliingiza mkono kwenye kopo na kutoa vizibo, na kimoja zaidi kikatoka kimeng'ang'ania kidoleni. Vilikuwa vinne. Mimi niliviona. Yeye hakuwa ameviona.

"Nina vizibo vingapi?"

"VITATU!" Makofi.

Bwana Kagabo aliinua kichwa.

Ticha akatazama kiganja chake, akaona. Angeweza kusema, tuhesabu tena. Nadhani alitaka kusema hivyo, alifungua mdomo. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kuondoka, kama basi. Kabla hajarudisha mkono kwenye kopo wakapaza, "VITANO!" Makofi. Kwenye mkono wake bado vilikuwa vilevile vinne.

Bwana Kagabo alisimama taratibu, akamwendea Gwiza, akachuchumaa. Akamwonyesha vidole viwili.

"Mtoto mzuri, hivi ni vingapi?"

Gwiza akamtazama kwa huruma. "Hiyo si zamu yangu," alisema. "Zamu yangu ni saba."

"Zamu yako ni saba?"

"Ndiyo. Bado kidogo."

Kuna mwalimu aliyecheka mlangoni. Mama Mukabalisa akaanza kusema, "Watoto yetu iko na akili sana, Bwana Mkaguzi, wanatangulia..." Bwana Kagabo akamgeukia Ticha.

"Somo hili mmelifanya kabla?"

Mama Mukabalisa alikuwa akitikisa kichwa nyuma yake, hapana, hapana. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Pretty, na nikaubana mpaka akaanza kulia.

"Ndiyo," Ticha alisema. "Tumelipasha tangu wiki iliyopita."

Hakusema nani aliagiza.

Aliendelea na somo mpaka mwisho. Hilo ndilo lilikuwa gumu kutazama. Gwiza alisema saba, na vilikuwa saba kweli, na akapigiwa makofi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ameanguka. Nafasi ya pili ni mwishoni mwa Novemba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kwenye foleni ya basi nilitaka kumwambia pole. Nilijiandaa tangu nyumbani. Nilipofika karibu naye nikasema, "Mvua leo haijanyesha."

"Itanyesha," alisema.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo mama aliniuliza kwa nini sili. Nikamwambia habari ya Gwiza na saba. Alicheka hadi akaweka sindano chini. Kisha akasema, "Lakini huyo mwanamke alisema ukweli mbele ya bosi wake. Mimi mteja akiniuliza kama kitambaa kitachuja, hata mimi huwa najikohoza kwanza."

Nimelala nikiwaza hilo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ticha amerudi kwenye mkeka. Leo nilikaa naye, kwa kuwa sikuwa na kamba za kufunga. Nikamuuliza anatazama nini.

"Mtazame Clovis," alisema kwa sauti ya chini. "Usimwangalie usoni. Angalia mikono."

Clovis alikuwa na vizibo. Alivipanga kwa rangi, kisha akahamisha kimoja kimoja mpaka kila mstari ukawa sawa na mwenzake. Vilipobaki viwili visivyo na mahali, akaviweka mfukoni ili visimsumbue.

"Wiki ya kwanza ya mwaka alikuwa anavitupa," alisema Ticha. "Unaona? Anagawanya. Hilo ni somo la darasa la pili la msingi, na hakuna aliyemfundisha."

"Wewe ndiye uliyemfundisha."

"Mimi nilikaa tu." Akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka. "Jamani, nilikaa tu."

Nilikwenda kusoma tena nilichoandika tarehe 12 Septemba. Sitakifuta, lakini nimeona aibu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, siku ya kila mwezi ya mtaa mzima kufanya usafi. Tulizibua mfereji mtaani. Ticha alinitumia ujumbe kutoka Kabuga: nao wanazibua, kisha anakwenda chuo na matope yake hivyohivyo.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Bati la darasa letu halina dari, na mvua ikinyesha kweli hata Mama Mukabalisa hasikiki.

Jumanne, 11 Novemba

Ticha alisinzia akiwa ameketi wima, mtoto mapajani. Watoto wakaendelea na shughuli zao. Nilihesabu kwamba hakuna aliyemhitaji kwa muda mrefu, kisha nikaelewa kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Alizinduka akasema, "Nani analia?" Hakuna aliyekuwa akilia.

Jumatano, 12 Novemba

Aliniuliza nataka kusoma nini. Nikasema famasia.

"Unapenda dawa?"

"Sijui."

"Haya." Hakusema zaidi. Napenda kwamba hakusema zaidi.

Alhamisi, 20 Novemba

Siku ya ukaguzi wa pili ni Alhamisi ijayo. Safari hii ni somo la hadithi. Ticha amechora picha kwenye gunia la mchele lililofuliwa, kama walimu wote wanavyofanya: sungura, mto, daraja lililovunjika. Mama yangu amelipindia kingo kwa mashine ili lisichanike. Mama Mukabalisa alipoliona akasifu, kisha akasema, "Sasa hatupashi. Nimejifunza."

Nikafurahi. Nikadhani ameelewa.

Jumatano, 26 Novemba

Nimepiga pasi sketi yangu mara mbili, kana kwamba mimi ndiye ninayekaguliwa.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua ilianza kabla hatujafika. Ticha alikuja amelifunga gunia kwenye mifuko miwili na yeye mwenyewe hana mwavuli.

Alipokuwa akitundika picha, Mama Mukabalisa aliniita kibarazani. Alikuwa amemshika Clovis mkono mmoja na Pretty mkono mwingine.

"Shami, hawa unakaa nao jikoni mpaka mgeni aondoke. Huyu hasemi, huyu analia. Nimeleta wawili wa darasa kubwa, watakaa nafasi yao. Ticha asijue sasa, atachanganyikiwa."

Nikasema ndiyo.

Jikoni kulikuwa na moshi na uji unachemka. Mpishi alitupatia kibao cha kukalia. Nilimsikia Bwana Kagabo akifika, nikasikia wimbo wa mgeni, halafu mvua ikakaza na sikusikia kitu tena. Pretty aliomba uji. Clovis alikuwa amesimama mlangoni anatazama upande wa darasa letu. Viatu vya watoto vilikuwa vimemwagwa pale nje ya darasa bila mpangilio, na yeye aliviona kutoka mbali. Alianza kujipigapiga kifuani kwa ngumi, polepole.

Nilifikiri hivi. Nikikaa hapa, Ticha atakuwa na darasa zuri, tulivu, na pengine atapata leseni yake. Nikiwapeleka, huenda nikamharibia mwaka wake kwa mikono yangu. Nilifikiri pia kwamba akifaulu kwa watoto ambao si wake, kitakuwa kiporo kingine, na Bwana Kagabo ana pua hata kama ina mafua. Lakini sitasema kwamba nilipima mambo na kuamua. Clovis alitoka mbio kwenye mvua, nami nikambeba Pretty nikamfuata.

Nilimkuta mlangoni anapanga viatu, ameloa chapa. Nilingoja amalize. Sikujua la kufanya zaidi ya kungoja. Alipomaliza akaingia, nami nikaingia nyuma yake, maji yananitiririka, na darasa zima likageuka.

Mama Mukabalisa alikuwa ameketi kando ya mkaguzi. Macho yake yalitosha.

Ticha aliwatazama wale wawili wa darasa kubwa, kisha akanitazama mimi. Sasa ndipo alipojua. Bwana Kagabo akauliza kitu, mvua ikakimeza. Akauliza tena kwa nguvu: "HAWA NI AKINA NANI?"

Ilibidi nipige kelele. Sijawahi kupiga kelele mbele ya watu wazima.

"NI WA DARASA HILI!"

Nilijisikia kama nimevunja chombo.

Ticha alisogea akawapa nafasi mbele. Akaanza hadithi, akionyesha sungura kwenye gunia. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika na hakuna kilichosikika. Mvua ya aina hiyo. Watoto wa nyuma wakaanza kusukumana. Kisha ngurumo ilipiga karibu sana, Clovis akaziba masikio na kuingia chini ya meza, na ile sauti yake moja ndefu ikaanza. Pretty akamsindikiza.

Mama Mukabalisa alijifunika uso.

Ticha akaweka chini fimbo yake ya kuonyeshea. Aliinua mikono miwili juu na kuifungua, ile ishara yake ya kila asubuhi, kisha akapiga magoti, akalala ubavu, akaingia chini ya meza na gauni lake la bluu.

Watoto waliinuka. Mimi nilishika ukuta nikingoja vurugu. Gwiza akaenda kwenye vizibo. Wengine kwenye vitambaa, wengine kwenye ndoo ya mchanga. Wale wawili wa darasa kubwa ndio waliobaki wamesimama katikati, hawajui waende wapi, mpaka Gwiza akawashika mikono na kuwakalisha. Hakuna aliyewaambia. Mvua inapiga bati, mwalimu haonekani, na kila mtoto yuko kazini.

Bwana Kagabo alizunguka polepole. Alichuchumaa hapa na pale. Kisha akainama na kutazama chini ya meza, muda mrefu, kama mtu anayetazama kisimani.

Mimi nilikuwa upande ule, niliona. Ticha alikuwa amelala chali kando ya Clovis bila kumgusa. Amenyoosha kiganja, na juu ya kiganja kuna vizibo. Clovis alikuwa bado analia, lakini alikuwa amekwisha kuchukua kimoja.

Mvua ilipopungua Ticha aliwaita watoto kwenye gunia akaanza hadithi upya. Sungura alikuwa amefika tu kwenye daraja kengele ikalia.

Walizungumza kibarazani, na mimi nilikuwa nafuta maji sakafuni pale mlangoni.

"Mpango wako unasema hadithi," alisema Bwana Kagabo. "Hadithi iko wapi?"

"Imebaki."

"Uliingia chini ya meza kwa sababu gani?"

Ticha alimtazama kama hajaelewa swali. "Kwa sababu mtoto alikuwa chini ya meza."

Bwana Kagabo akaandika. Akapiga chafya, akafunga viatu vyake kwenye mifuko, akaondoka. Hakusema matokeo.

Ijumaa, 28 Novemba

Mama Mukabalisa aliniita. Nilijua nafukuzwa.

"Wewe kimyakimya! Kumbe iko na sauti ya kuangusha nyumba?"

"Nisamehe, mama."

"Nilikutuma kitu kidogo."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama muda. Ana mabaka meusi chini ya macho, sikuwahi kuyaona, kwa kuwa siku zote huwa nasikiliza sauti yake tu. Akasema wazazi wakisikia kwamba shule yake imeanguka ukaguzi mara mbili watahamisha watoto, na akifunga, nani atamchukua Clovis? Shule mbili za jirani zilimkataa. Yeye ndiye aliyemkubali.

Sikuwa najua hilo. Nilidhani ni Ticha.

"Rudi darasani," alisema. "Na usilie hapa, mimi sina kitambaa."

Jumatano, 3 Desemba

Hakuna habari.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna habari. Ticha anaangalia simu, anaiweka, anaichukua. Leo alifunga kamba ya kiatu cha Gwiza kwenye kiatu cha Pretty.

Jumatatu, 8 Desemba

Kuna mwanamke aliyekuja kutazama darasa. Ana leseni. Alikuwa mpole, aliwasalimu watoto mmoja mmoja, hilo ndilo lililoniuma. Mama Mukabalisa alimtembeza bila kupaza sauti. Ticha alimpa kiti. Baada ya hapo alichukua vizibo vyote akaviosha, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa safi.

Kwenye foleni jioni nilimwambia lile nililojiandaa kulisema tangu Oktoba. "Pole, Dada."

"Asante, mdogo wangu." Kisha akasema, "Wala usifikiri ni kwa sababu yako. Ungewaacha jikoni ningekufukuza mimi mwenyewe."

Kuhusu mimi kuwa mwalimu, sijui bado. Sitaki kuchoka hivi. Halafu kesho nitafika mapema kuliko jana, najijua.

Ijumaa, 12 Desemba

Baada ya chakula watoto wanaochelewa kuchukuliwa hulala kwenye mikeka. Leo walikuwa wachache, mvua ndogo nje. Simu ya Ticha ikalia mara moja. Akaishika, akanipa.

"Soma wewe. Macho yangu hayataki."

Nikasoma moyoni kwanza. Maksi ya kukamilisha mpango wa somo ilikuwa chini kabisa. Maksi ya hadithi hivyohivyo. Nikaendelea kushuka. Maksi ya kuwajua watoto, ya kuandaa darasa lijiendeshe, hizo zilikuwa juu. Kisha jumla.

"Umefaulu," nilisema. "Ni kidogo tu juu ya mstari. Lakini umefaulu. Wanasema uombe leseni."

"Rudia."

Nikarudia.

Nilingoja apige kelele, au asali, au ampigie mtu. Alivua viatu. Akatafuta nafasi kati ya Clovis na ukuta, akajilaza kwenye mkeka, akavuta kipande cha kanga juu ya mabega, na kabla sijarudisha simu mezani alikuwa amelala.

Nilikwenda ofisini kumwambia Mama Mukabalisa. Alisimama, akaketi, akasema, "Mshukuru Mungu." Kisha akauliza, "Na iko wapi sasa?" Nikamwambia. Alikuja hadi mlangoni, akatazama. Akavua viatu vyake vyenye visigino ili visilie sakafuni, akaondoka navyo mkononi.

Watoto walianza kuamka mmoja mmoja. Niliwaonyesha kidole mdomoni, nikainua mikono miwili na kuifungua. Walikwenda. Sikuamini, lakini walikwenda. Gwiza peke yake alibaki amesimama juu ya Ticha, mikono kiunoni, anamchunguza.

"Shami," alininong'oneza. "Ticha amekufa?"

"Hapana," nilisema. "Amefaulu."